Ukingo wa Kushikia

Asubuhi ya Jumatatu, mvua ikiwa bado haijaamua kama itanyesha au itaacha, Josiane alifungua kontena lililokaa nyuma ya hospitali ndogo ya Mushaki, akapangusa matope viatuni, akawasha jenereta na kusubiri taa iache kutetemeka. Ng'ombe wa jirani walikuwa wamelala tena mlangoni na kuacha walichoacha. Ndani ya kisanduku cha joto kulikuwa na bamba moja la chuma, jembamba kama ukucha. Lilikuwa la kuunga mguu wa Mama Adelaïde, aliyeteleza na kikapu cha maharagwe kwenye mteremko wa Kingi akavunjika muundi.

Kazi ya Josiane ilikuwa rahisi kuieleza kuliko kuifanya. Seli za mwili hazikai popote tu. Seli hupapasa kwanza, na ikigusa ukingo unaolingana na mguu wake, inaushika na kuita wenzake. Ikikosa, inakwenda zake. Kwa mwanga wa leza Josiane alichora kwenye chuma mifereji isiyoonekana kwa macho, akadondosha tone la damu ya mgonjwa, na seli za mfupa zikajipanga humo mstari kwa mstari. Upande wa pili wa bamba, ule unaopita chini ya kano na ngozi, alichora vinundu vidogo vilivyobanana kiasi kwamba seli haikupata pa kukanyaga. Hapo nyama haikunata, ikateleza kama inavyotakiwa. Nakshi ya kwanza aliiita Kingi, kwa kuwa ilifanana na matuta ya shamba la mama mkwe wake kule. Ya pili aliiita Barabara ya Sake, na mtu yeyote aliyepita barabara hiyo wakati wa mvua hakuuliza kwa nini.

Pembeni mwa kila bamba aliacha ukingo mtupu, usio na nakshi yoyote, wa kushikia kwa koleo. Ndilo jambo la kwanza analofundishwa fundi wa kazi hii. Mashine zililetwa na watu wa mradi kutoka ng'ambo, na vita vilipokaribia waliondoka kwa haraka wakisema watarudi Alhamisi. Hawakusema Alhamisi ipi. Josiane, waliyekuwa wamemfunza, akabaki na mashine, na majeruhi walikuwa wengi kuliko mabamba.

Chuma chenyewe kilitoka karibu kuliko mashine. Kilichimbwa katika kilima cha Bushovu, ng'ambo ya malisho, kikashuka migongoni mwa watu kikiwa mchanga mweusi, kikapanda lori, kikavuka mpaka na bahari, kikayeyushwa katika nchi ambayo hakuna mtu wa Mushaki aliyeiona, kisha kikarudi kimekuwa mabamba yanayong'aa ndani ya boksi lenye sponji. Mwaka uliopita kilima kilianguka mchana kweupe na watu wakabaki ndani. Wenye machimbo walisema hakuna aliyebaki. Tangu hapo mabamba yakaanza kuotesha viungo vya waliobaki.

Haikuwa kila bamba. Lakini mwezi wa tatu bamba moja liliota sikio la kushoto la Byamungu, mtoto wa Mama Adelaïde, likiwa na kovu lile la kuumwa na mbwa. Josiane alimwita mama, mama akaja, akalitazama, akasema ndilo. Alikuwa ameshazika mgomba mahali pa Byamungu, kama watu wanavyofanya mwili usipopatikana. Akalibeba sikio nyumbani ndani ya beseni lililofunikwa kitenge, na kabla ya kulizika kando ya mgomba akaliambia maneno ambayo hakutaka mwingine ayasikie. Ilikuwa mara ya kwanza, alisema baadaye, Byamungu kumsikiliza mpaka mwisho.

Kwa hiyo Jumatatu hiyo, Josiane alipoona kitu kimeota kwenye pembe ya bamba, alichofanya ni kutafuta kibano. Seli za Mama Adelaïde zilikuwa zimeshika vizuri katikati, na pembeni palikuwa na ncha ya kidole cha mwanamume, kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Ukucha wake ulikuwa mweusi, umepasuka katikati.

Josiane akaketi. Ukucha ule aliufahamu. Ulipondwa na kifuniko cha pampu wakati wa Pasaka, na yeye mwenyewe ndiye aliyeufunga bandeji. Ulikuwa wa Sylvain, mume wake, na Sylvain alikuwa hai; asubuhi ile ile aliacha nusu kikombe cha chai mezani akilalamika kwamba sukari imekwisha. Mabamba hayakuwa yamewahi kukosea. Mpaka siku hiyo yalikuwa tu yamechelewa.  Aliogopa kuliko siku mabomu yalipopita juu ya paa la hospitali, kwa sababu mabomu yale hayakuwa na jina la mtu.

Jioni Sylvain alirudi kutoka Bushovu na tope hadi kiunoni. Alikuwa fundi wa pampu. Mashimo yalipojaa maji yeye ndiye aliyeshuka na mashine kuyakausha, ili wengine washuke. Alinawa, akambeba Shekinah, binti yao mdogo, akaketi. Josiane aliweka mezani chupa yenye maji ya chumvi, na ndani yake kidole. Sylvain akasogeza cha kwake kando ya chupa, akalinganisha.

"Njo yangu," alisema. "Hata hii kovu ya chini iko."

"Iko yako."

"Inaonyesha siku gani?"

"Kidole haisemake siku, Papa Shekinah."

"Inakua mbio?"

"Jana haikukuwa. Leo asubui ilikuwa ncha tu. Sasa iko mpaka ku kiungo ya kwanza."

Sylvain akamrekebisha mtoto magotini. Shekinah alitaka kuchezea chupa, wakaisogeza mbali.

"Usiende kesho," Josiane alisema. "Nakuomba. Niko naogopa sana."

"Miye pia niko naogopa. Lakini fundi wa mbele yangu alisema iko na homa. Balinzi ba shimo balimufuata mu nyumba na homa yake, bakamubeba. Unakumbuka?"

Josiane alikumbuka. Wakati huo pia haikuwezekana kukimbia: barabara ilikuwa na vizuizi pande zote mbili, na mashamba yao ya Kingi yalikuwa yamezungushiwa waya, na ndani ya waya kulikuwa na ng'ombe wa mtu ambaye hakuna aliyethubutu kumtaja. Walikula wali na maharagwe. Sylvain alikula vizuri, na Josiane alimtazama kila aliposhika kijiko kwa kidole kile chenye ukucha mweusi.

Kesho yake Josiane alikwenda kwa Papa Philippe, mwenye shimo, ambaye wachimbaji walimwita PDG, yaani mkurugenzi mkuu, kama wanavyowaita wenye mashimo wote. Papa Philippe alikuwa mtu wa adabu. Alimkaribisha barazani, akamletea Fanta, akauliza habari za mtoto, kisha akakipokea kidole na kukigeuza mwangani kwa utaratibu wa mtu anayenunua kitunguu.

"Pole sana, Mama Shekinah," alisema. "Kidole iko muzuri. Ila pompi iko na fundi mumoja tu."

"Kilima itaanguka, Papa. Mabamba ilionyesha Byamungu, ikaonyesha benzake."

"Byamungu hakufa ku Bushovu. Ku Bushovu hakuna mutu alikufa. Byamungu na benzake balienda Walikale, ku Itebero, kutafuta kazi mu pori. Njo maana hamubaonake. Iko mbali, na rezo ya simu haiko kule."

"Na sikio yake?"

"Mutu anaweza kwenda Itebero bila sikio," Papa Philippe alisema kwa upole, akamrudishia chupa.

Josiane alirudi kontenani shingo upande. Kama wote waliosemwa wamekwenda Itebero walikuwa kweli Itebero, mji ule wa msituni ungekuwa mkubwa kuliko Goma. Alikaa mbele ya mashine. Kisha akafanya kitu alichojua kukifanya. Alichukua bamba jipya na kulichora Barabara ya Sake, vinundu vilivyobanana, safu juu ya safu. Akawaza: kama chuma kinaweza kumshika Sylvain kabla ya wakati, basi chuma kinaweza pia kumkataa. Alichora upande wa mbele, akageuza, akachora upande wa nyuma. Hofu ilikuwa inamsukuma mgongoni na mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Jioni Sylvain alipopita akamchoma kidole, akadondosha tone la damu yake katikati ya bamba, na ndipo alipotaka kulinyanyua kwa koleo. Bamba likateleza. Akajaribu tena, likateleza tena.

Hakuwa ameacha ukingo. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake alikuwa amechora hadi mwisho, pande zote, na tone lilikuwa limeshadondoka na haliwezi kurudishwa. Akalisukumia kisandukuni kwa kipande cha karatasi. Mwanamke aliyekuwa ndani yake, anayemwogopea mumewe, alijiambia kwamba haidhuru, kilima kisipate hata pa kumgusa. Fundi aliyekuwa ndani yake aliendelea kulitazama koleo.

Asubuhi hakuna seli hata moja iliyokuwa imeshika. Bamba lilikuwa tupu na safi. Kidole kilichokuwa kwenye chupa kilikuwa kimesinyaa kama kitovu cha mtoto mchanga siku kinapodondoka. Josiane alimshukuru Mungu kwa sauti, kontenani peke yake, akapeleka bamba la Mama Adelaïde chumba cha upasuaji. Mguu ule uliunga vizuri.

Nyumbani kikombe kilimponyoka Sylvain wakati wa chai. Kisha kikamponyoka cha pili. Alipompakata Shekinah, mtoto aliteremka mapajani mwake hadi sakafuni, akacheka, akapanda tena, akateremka tena. Mara ya tatu hakucheka. Josiane akamshika mumewe mkono. Mkono ulimtoka kama sabuni ndani ya beseni. Akamshika bega, kiuno, shingo, kila mahali alipokuwa amezoea kumshika, na hakukuwa na mahali. Sylvain alikuwa pale pale, mwenye joto lake, mwenye harufu yake ya dizeli, na hakushikika.

"Ulinifanya nini?" aliuliza.

"Nilisahau kuacha ukingo."

Sylvain alifikiri kidogo. "Inaweza kutengenezwa?"

"Nikichora ingine yenye kushika, na kile kidole itarudi."

Basi wakaacha. Sylvain alijifunza kufunga suruali kwa kamba iliyopita mabegani na kufunga vifungo vyote vya shati, la sivyo nguo zilimwacha njiani. Alilala chini, kwa kuwa kitandani aliamkia chini vilevile. Kanisani, wakati wa kutakiana amani, aliinamisha kichwa tu, na watu wakadhani ameanza kuringa. Josiane alilia kwa siri jikoni. Alikuwa na mume mzima na alimkumbuka kama mtu aliyesafiri.

Kilima kilianguka Alhamisi moja, saa za mchana. Hospitalini chupa za dawa ziligongana rafuni na kuku wote wa Mushaki wakanyamaza. Josiane alitoka mbio hadi barabarani akabaki amesimama, kwa maana miguu ilikataa kwenda mbele na ilikataa kurudi. Watu waliteremka kutoka Bushovu wakiwa wamejaa tope hadi machoni. Nyuma yao akaja Sylvain, uchi, msafi kama sahani iliyooshwa. Hata tope halikumnata. Kilima kilikuwa kimembana na kumchomoza nje kama harage linavyochomoka kwenye ganda bichi.

Josiane akavua kitenge chake cha juu akamfunika. Kitenge kilianguka. Akakiokota akakishika mbele yake hadi walipofika nyumbani.

Sylvain alikaa chini ya ukuta. Alikuwa akishuka kila siku na msaidizi wake, Edmond, kijana wa Kingi aliyeoa mwaka huo.

"Edmond alinishika mukono," alisema. "Alinishika na mikono yote mbili, na nguvu yake yote. Nikamutoka."

Josiane akamkaribia. Alitaka kumkumbatia, ndilo lililotakiwa, na haikuwezekana.

Jumapili Papa Philippe alikuja mbele ya kanisa, akawapa pole watu kwa kelele iliyotokea. Akasema hakuna aliyekuwa ndani. Edmond na wenzake, alisema, walikuwa wameondoka mapema siku hiyo kwenda Itebero. Watu walimsikiliza. Walinzi walikuwa wamesimama nyuma yake na bunduki zao, nao walisikiliza.

Mwezi uliofuata bamba moja liliota mikono ya Edmond, yote miwili kwa pamoja, vidole vikiwa vimekunjwa kama vinavyokunjwa na mtu aliyeshika kitu asichotaka kukiachia. Astrid, mke wake, alikuja na beseni. Alitia mkono wake katikati ya mikono ile akauacha humo kwa muda, kisha akafunika kitenge. Hakumlaumu Josiane. Alisimama mlangoni tu akauliza kwa sauti ya chini:

"Dada, ile plaki, ile bamba ya bwana yako. Weye ulikuwa unaweza kuitengeneza na ya Edmond?"

"Nilikuwa ninaweza," Josiane alisema.

Astrid akaitika kwa kichwa na kwenda zake. Jibu hilo lilienea Mushaki kabla beseni halijafika nyumbani. Kesho yake wanawake walikuwa wameketi kwenye nyasi mbele ya kontena, kila mmoja na tone la damu ya mumewe au ya mwanawe kwenye pamba. Josiane aliwaambia ukweli wote: mtu huyu hamtamshika tena. Hakuna aliyeinuka. Dorothée, aliyekuwa ameolewa miaka mingi na hakuona haya kusema, akauliza kama angeweza kumwachia mahali padogo tu, kiganja kimoja cha kulia, ili awe anamshika mkono wakienda sokoni.

Ukingo, kwa maneno mengine. Josiane alifurahi kama hajafurahi tangu Pasaka. Alilichora bamba hilo kwa uangalifu, akaacha ukingo mwembamba kama uzi, na Dorothée akaenda sokoni ameshikana mkono na mumewe, na watu wakawapisha njia kama maharusi. Kisha shimo dogo likaporomoka. Mume wa Dorothée alitoka msafi, bila kiganja cha kulia. Kilima kilikuwa kimepata pa kumshika.

Baada ya hapo hakuna mwanamke aliyeomba ukingo. Josiane alichora mabamba hadi mwisho, moja baada ya jingine, mpaka vipande vile vya pamba vikaisha kwenye nyasi. Aliogopa kila alipochora. Hakuogopa tena kifo; aliogopa jinsi mkono wake ulivyozoea.

Papa Philippe alipoelewa, alimletea gurudumu zima la jibini ya Masisi. Alisema amefurahi sana kuona watu wanafanya kazi kwa usalama. Mwezi huo huo aliamuru magogo yaliyoshikilia paa la mashimo yatolewe, maana hayakuwa na kazi tena, akayajengea baraza jipya. Mashimo yalikwenda chini zaidi, mahali ambapo zamani hata yeye angesita kumtuma mtu. Kilima kilianguka, kikachimbwa, kikaanguka. Kila kilipoanguka wanaume walichomoka, wakajipanga, wakarudi ndani. Chuma kilishuka kingi kuliko wakati wowote. Papa Philippe hakuhitaji tena kumtaja mtu wa Itebero.

"Bale ba zamani bangali mule ndani," Josiane alimwambia Mama Adelaïde, aliyekuja kuonyesha mguu wake. "Hakuna mutu anabachimbua."

"Nani atabachimbua? Pompi iko na kazi." Mama Adelaïde alijaribu mguu kwenye kizingiti, ukamkubali. "Miye nilizika mugomba, mwanangu. Weye uko na bwana anayekula. Usiseme sana."

Wanawake wa Mushaki walijipangia namna ya kuishi. Watoto walijifunza kuwaamkia baba zao kwa mbali. Alfajiri kila mke alisimama mlangoni mikono ikiwa nyuma ya mgongo, kwa kuwa kujaribu kushika kuliumiza zaidi kuliko kutojaribu, na wanaume walipita katikati ya barabara yenye tope, wengi, wasafi, hakuna aliyechafuka hata kisigino.

Josiane peke yake ndiye aliyekuwa hajaacha kujaribu. Asubuhi moja Sylvain alimwambia kwamba wameanza shimo jipya chini ya lile la Edmond, na kwamba maji ya humo ni mengi, atachelewa. Alisema hivyo akiwa ameshafika barabarani. Josiane aliacha chungu motoni, akamfuata, akamdaka kwa nguvu zote shati kifuani na mgongoni, akalivutia kwake, akasema, "Bakia." Vifungo vilikatika kimoja kimoja. Sylvain hakusimama wala hakukaza mwendo; aliendelea tu kuteremka, kifua wazi, na Josiane akabaki katikati ya barabara ameshika shati ambalo bado lilikuwa na joto.